Kaki Kwenye Joho la Zimwi

Urushizaka, kwenye kibanda cha chai
Mwezi wa nane, siku ya kumi

Tomezo mwanangu,

Nakuandikia na unga wa vikate vya mochi vidoleni, kwa hiyo ukiona vumbi jeupe kwenye karatasi usidhani ni kuvu. Mimi mzima. Mguu wa kushoto una kelele zake, lakini mguu haujawahi kuandikiwa barua, tuuache.

Picha imefika! Yule mchuuzi wa chumvi uliyempa ameileta ndani ya mwanzi, haikukunjika hata pembe. Nilinawa mpaka kwenye viwiko ndipo nikaitandaza mkekani. Mwanangu! Karatasi tatu zimeunganishwa, na hekalu bovu limezijaza zote. Jemadari mmoja wa kale amelala fofofo, kitambi juu, msimamizi wake anampepea, na huko gizani mazimwi wanamiminika kama wasafiri siku mto ukipungua na kivuko kikafunguliwa. Zimwi mwenye kichwa cha kitana. Zimwi mwenye tumbo la ngoma iliyopasuka. Mwingine kikaragosi cha maonyesho, nyuzi zimekatwa, anajiburuta mwenyewe.

Na nywele! Niliinama mpaka pua ikagusa karatasi. Kila unywele peke yake, na pale kwenye paji la uso zinaota nyembamba kama pumzi ya mtoto. Nikajua: mkono ulioichonga ubaoni kabla haijachapwa ni wa mwanangu. Wengine wanachonga kichwa. Wewe unachonga nywele zilizotoka kuchanwa sasa hivi.

Oseki akaja na shingo yake ndefu, si unamjua jirani yangu muuza viatu vya majani. Akatazama, akatazama.

"Mbona jina la mwanao halimo? Naliona la mchoraji, la mwenye duka, na muhuri wa wakaguzi huu hapa. Tomezo yuko wapi?"

"Yumo kwenye nywele."

"Haya. Wangu mimi jina lake limo kwenye daftari la kituo cha farasi, kila ukurasa."

"Ndiyo maana linanuka mavi ya farasi, mama."

Alikunywa chai yangu akatulia. Lakini alinichoma, Tomezo. Kwa nini jina lako halimo? Mchoraji anapaka wino kwenye karatasi laini, wewe unakesha na mti wa mcheri mgumu kama mama mkwe, halafu sifa zinakwenda kwa mwenye wino?

Kisha nikaliona. Pembeni kabisa, zimwi mrefu mwenye upara, na mgongoni mwa joho lake tunda la kaki na vijani vyake vinne. Lile lile la kwenye pazia la mlango wetu, alilolipaka marehemu baba yako! Mzee wa Mkaki! Kumbe unamkumbuka. Nilikuwa nikikutisha naye ukikataa kupanda mtini: usipochuma kaki zako, jioni zitashuka zenyewe, ziwe mtawa mrefu mwekundu, atembee kichochoroni akidondosha matunda kutoka mikononi mwa joho. Nililia mpaka mochi zikaungua.

Sasa kila msafiri anayekunywa chai hapa lazima aoneshwe. "Huyo mwenye kaki ni wetu," nawaambia, "na nywele zote hizo ni za mwanangu." Jambo moja tu sijui kulijibu. Nilipomuuliza mchuuzi wa chumvi huyu Jemadari aliyelala ni nani hasa, alicheka chai ikamtoka puani, akasema, "Mama Otatsu, muulize mwanao." Basi nakuuliza.

Mama yako mwenye kifua mbele,
Otatsu


Kanda, Edo
Mwezi wa nane, siku ya ishirini na nne

Mama, shikamoo.

Nimefurahi kwamba picha imefika salama. Jemadari ni jemadari wa zamani sana, wa kwenye hadithi, basi. Mtu akikuuliza, mjibu hivyo.

Huku mjini picha inauzwa kuliko tulivyotarajia. Watu wanajazana mbele ya duka tangu asubuhi, wanakisia: zimwi huyu ni nani, yule ni nani. Wasusi wamepigwa marufuku, kumbi za ngoma na vikaragosi zimefungwa, watu hawana kazi nyingine ila kukisia. Mimi sikisii. Mimi nachonga.

Kuhusu kaki, nisikufiche. Mchoraji aliliacha joho lile tupu, akaandika pembeni "nakshi yoyote." Ndiyo desturi, vinakshi vidogo huachiwa mchongaji. Mvua ilikuwa inanyesha na ubao ulikuwa na harufu ya ua wetu. Mkono ukaenda wenyewe. Jina langu haliwezi kukaa kwenye picha, mama, nikaona bora likae la kwetu.

Nina ombi. Iondoe picha machoni pa watu, uiweke kwenye kasha la nguo. Wala usimtaje fundi wangu kwa wasafiri. Usiniulize kwa nini. Barua inapita mikono mingi kabla haijafika kwako.

Vaa soksi nene.

Tomezo


Urushizaka
Mwezi wa tisa, siku ya sita

Tomezo,

Nimeisoma barua yako, nikairudia, nikamsomea na paka. Paka naye hakuielewa.

Niifiche? Kwenye kasha, na nguo za msiba? Nilikuzaa mwaka wa theluji ile iliyovunja paa, nikakupeleka hekaluni ukasome herufi, nami nikazisoma mgongoni mwako maana hela ilitosha mmoja tu, leo unaniambia nifunge mdomo. Ni mimi unanionea haya? Ni lafudhi yangu? Sema. Mama wa mtu aliye Edo si lazima awe wa Edo.

Sikuiondoa. Nimeibandika kwa gundi ya wali kwenye kiwambo cha karatasi kando ya meko, ambako hata kipofu ataiona.

Sikiliza niliyoyaota. Nilikuwa nimelala kando ya kiwambo hichohicho. Moto umefifia, na mazimwi wakaanza kushuka mmoja mmoja kutoka kwenye karatasi, taratibu, kama watu wanaovua viatu wasimwamshe mgonjwa. Mwenye kichwa cha kitana akanichana nywele. Mwenye ngoma akakaa akijipapasa mpasuko wake. Sikuogopa. Walikuwa na njaa tu. Nikawauliza, "Mnataka nini kwangu?" Mzee wa Mkaki akasema, "Tunangoja aamke." Nikageuka, nikamwona Jemadari amelala kwenye mkeka wangu, na kaki zimeiva juu ya kitambi chake, zinaoza, na hachumi hata moja.

Nilipoamka kulikuwa na ukungu mlangoni. Mkaki wetu umezaa mwaka huu mpaka matawi yanagusa chini, na hakuna wa kupanda. Oseki ananitania: "Muite mwanao wa mazimwi aje achume!"

Juzi alipita hujaji mmoja mwenye upanga, mtu wa adabu, mkimya. Alikaa mbele ya picha chai ikapoa. Akaniuliza kuhusu lile tunda. Nilimmwagia yote: pazia, baba yako, Mzee wa Mkaki, na wewe, Tomezo wa Kanda, kwa fundi Genshichi, mchonga nywele ambaye Edo nzima haina wa pili. Aliyaandika kwenye upepeo wake! Mtu anayeandika maneno ya mama yako kwenye upepeo, wewe unataka nimfiche picha.

Soksi ninazo.

Otatsu


Kanda, Edo
Mwezi wa tisa, siku ya ishirini na tatu

Kwa Mama Otatsu,

Utaona hati si ya mwanao. Mimi ni Oyone, mke wa fundi Genshichi. Tomezo hawezi kuandika kwa sasa. Alinikataza nisikwambie sababu, lakini mimi pia nimezaa.

Amefungwa pingu. Yuko hapa nyumbani kwetu, analala, anakula, ila mikono yake imefungwa pamoja kwa chuma na karani anakuja kukagua kufuli. Ninamlisha mimi. Wali anakubali, samaki anaona haya.

Ilikuwa hivi. Picha ilileta minong'ono mingi, na ofisi ya jiji ikaamuru isiuzwe tena. Mwenye duka aliwahi kuzirudisha nakala zote na mbao zikapigwa randa mpaka zikawa nyeupe. Kazi ile yote, mama, nilizifagia nywele zile sakafuni zikiwa vumbi. Tulidhani yamekwisha. Mazimwi wale wengine hakuna aliyeweza kuthibitisha lolote, ni hadithi ya kale. Ila lile tunda. Yuko mkubwa mmoja hapa mjini ambaye nembo ya ukoo wake ni chungwa lenye majani, na watu walianza kusema zimwi mwenye upara ni yeye. Tunda lenyewe dogo, wino mweusi, nani atajua ni chungwa au kaki? Mchoraji akaapa kwamba hakulichora. Na kweli hakulichora. Basi likabaki la Tomezo peke yake.

Aliwaambia ni tunda la kibanda cha mama yake mlimani. Wakacheka. Karani akasema, "Kila anayekamatwa ana mama mwenye kibanda."

Watamtuma mtu huko kwenu kutazama. Akiona kaki ni kaki, ataachiwa. Akiamini ni chungwa, visu vya Tomezo vitachukuliwa na atafukuzwa mjini, na hakuna karakana itakayompokea tena mchongaji wa namna hiyo. Anaota anachonga, mama. Vidole vinacheza ndani ya chuma huku macho yamefumbwa.

Amesema nikwambie neno moja: uzungumze habari za mti tu. Habari za mti, basi.

Oyone


Urushizaka
Mwezi wa kumi, siku ya nane

Mama Oyone, Mungu wa njia akulinde. Msomee mwanangu haya kwa sauti, na samaki umlishe kwa nguvu, ukimwambia ni amri yangu.

Tomezo, amekuja.

Barua ya Mama Oyone ilinikuta nimeshika ngazi. Nilikuwa nimeamua kukodi mtu achume kaki, maana zilishaanza kudondoka. Nikairudisha ngazi kwa mwenyewe. Nilimwambia Oseki, "Sichumi. Anayekuja azione mtini." Nilitegemea atanicheka. Alikaa akasoma uso wangu, kisha akaenda kwake, akarudi na mwanawe wa daftari la farasi, wakafagia ua wote kimya. "Usinishukuru," akaniambia, "nitakudai mochi mpaka ufe."

Mgeni alifika jioni ukungu umeshuka. Nilimjua kwa upepeo kabla ya sura. Ni yule yule hujaji! Safari hii hakuwa na mavazi ya hija.

"Mama, niambie tena uliyoniambia siku ile."

Nikamwambia. Sikuongeza neno, sikupunguza, na wewe unajua ilivyo kazi mimi kutoongeza. Yeye alifuata maneno yangu kwenye upepeo kwa ukucha. Akalipapasa pazia, akalinusa rangi yake ya zamani. Akavigeuza vikombe, kila kimoja kina kaki tumboni. Akakishika chuma cha kuchomea alama kwenye mochi, kile kilicholika ukingo ungali hujazaliwa. Kisha akatoka akasimama chini ya mti. Zilikuwa zinawaka ukunguni, Tomezo, kama taa za watu wengi waliokuja kuuliza jambo.

Akarudi akakaa mbele ya kiwambo.

"Na huyu aliyelala? Wasafiri husema ni nani?"

Moto ulikuwa unalia polepole. Oseki, aliyejifanya anauza viatu, aliacha kusuka.

Nikasema, "Bwana, huyo ni mtu aliyelala bila kuchuma kaki zake. Ndiyo maana mazimwi wametoka."

Upepeo wake ukasimama. Nikaanza kuzihesabu kope zake. Nje tunda likaanguka, tu! Kisha akasema, "Mochi zako zina chumvi ya kutosha. Niongezee."

Akala. Akaegemea nguzo, na usingizi ukamchukua pale pale, mdomo wazi kidogo, kama Jemadari mwenyewe. Hatukumwamsha. Nadhani hata mimi nilisinzia, maana nilisikia mtu akipita uani kwa hatua nzito za majimaji, nikaona kivuli kirefu kwenye karatasi ya mlango, kipara, kimeinama kama kinachochungulia. Nilipofumbua macho mgeni alikuwa ameamka, anautazama mkono wa joho lake. Ndani yake mlikuwa na kaki, imeiva, ina umande.

"Umeitia wewe, mama?"

"Sina goti la kunifikisha huko, bwana."

Oseki anaapa hakuitia. Mimi nakuapia. Baki na hilo.

Kabla hajaondoka alilowesha kisu kwa chai, akaibandua picha kwenye kiwambo, polepole, bila kuichana hata uzi. Akaiinua kwenye mwanga wa moto. "Nywele hizi," akasema.  Aliiviringisha, akaiweka kifuani, akashika njia. Kaki aliila akitembea, niliona ganda likianguka.

Sijui ameandika nini. Sasa najua unavyojisikia ubao ukishapelekwa kwa mchapaji.

Mama yako


Kanda, Edo
Mwezi wa kumi, siku ya ishirini na sita

Mama,

Hati imepinda kwa sababu viganja vimesahau kwamba ni viwili. Nimefunguliwa jana.

Karani alisoma kwa sauti: tunda ni kaki, alama ya kibanda cha chai Urushizaka, imethibitishwa kwa macho. Nikafikiri yamekwisha. Kumbe mgeni wako alikuwapo, kasimama nyuma. Akatoa upepeo. Akasema mwanamke huyu alitamka maneno haya haya mwanzo wa mwezi wa tisa, kabla mtu yeyote hajakamatwa, na hakuna aliyemlazimisha, alijisifu mwenyewe. Hakuna mama anayetunga ushahidi wa kesi ambayo haijazaliwa. Mama, nilikuandikia ufunge mdomo. Majivuno yako yalinitangulia barazani.

Fundi Genshichi amenipa kazi jana hiyo hiyo. Ni picha ya watoto wanaowatii wazazi, ofisi inazipenda siku hizi. Mtoto anamchotea mama maji. Haina zimwi hata mmoja. Lakini amemshawishi mwenye duka, na pembeni, chini kabisa, yataandikwa maneno: *Amechonga Tomezo*. Nitakutumia nakala ya kwanza.

Jambo moja linanikera. Mama Oyone alipotusomea jibu ulilompa yule mtu kuhusu aliyelala, Fundi aliweka kisu chini. Akacheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa vazi lake, akasema mjini hapa watu wamekisia vuli nzima na hakuna aliyesema vizuri kuliko hivyo.

Mama, ulijua unachosema?

Tomezo


Urushizaka
Mwezi wa kumi na moja, theluji ya kwanza

Tomezo wangu,

Hii anakuletea mchuuzi wa chumvi kwa mkono wake. Ukishaisoma itie motoni, upashe viganja.

Picha ya watoto watiifu nimeitundika barazani, jina lako likiwa usawa wa macho ya Oseki. Amelisoma, akaguna, akasema mtoto kwenye picha ana masikio makubwa. Nzuri. Ila nakwambia ukweli kama mama: yule anayechota maji ni mpole mno. Nimewazoea wale wengine.

Kaki tumechuma, Oseki na mwanawe na mimi niliyeshika ngazi na kutoa amri. Kileleni tumeiacha moja, ya mti wenyewe, kama desturi. Jioni hii kaki hiyo ina kofia ya theluji.

Umeniuliza kama nilijua. Mchuuzi wa chumvi aliniambia mwenyewe, alipopita tena, kabla mgeni hajarudi. Aliniambia aliyelala ni nani huko kwenye ngome kuu, na anayempepea akitoa marufuku ni nani, na kitana na ngoma ni akina nani waliofungiwa kazi. Nilijua yote. Yule bwana aliponiuliza, majina yalinipanda mpaka kwenye meno, yakagonga hodi. Nikameza. Nikamwambia habari za mti tu, kama ulivyoagiza.

Kwenye kiwambo pale ilipokuwa picha pamebaki peupe, karatasi nyingine zote zimekula moshi. Wasafiri wanapaona. Kila siku wananiuliza, "Mama, hapo palikuwa na nini?" Na Oseki anakohoa, ananingoja.

Mimi naongeza chai.

Mwanangu, barabara yote hii, kuanzia daraja mpaka kileleni, hakuna mwanamke aliyewahi kunyamaza kama ninavyonyamaza mimi. Hayupo! Na sina wa kumwambia ila wewe.

Mama yako,
Otatsu